UZI: Nyumba za uzazi za Ayalandi, na jinsi watoto walivyopotezwa kwa kalamu na mhuri

Wanajamvi, salaam.

Habari ya watoto wa Tuam, waliofia katika mojawapo ya nyumba za Ayalandi walikofichwa akina mama waliozaa bila ndoa pamoja na watoto wao, imepita humu mara nyingi, na kila inapopita mjadala huishia kwenye ugomvi wa madhehebu kabla watu hawajaelewa kilichotendeka. Naomba safari hii tuitazame kwa utulivu, kwa sababu sehemu inayonishtua zaidi katika historia ile ni iliyofanyika ofisini, mchana kweupe. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba zile aliandikwa daftarini, aliyekufa aliandikwa, aliyepelekwa Marekani alipewa hati ya kusafiria na wizara, na halmashauri ya kaunti ililipa ada ya matunzo kwa kila kichwa. Hata wale walioandikishwa kwa uongo, uongo huo ulikaa kwenye rejista ya serikali ukiwa na tarehe na sahihi. Watoto hawa walipotezwa kwa karatasi, na ni kwa karatasi hizohizo walianza kutafutwa.

Nianze na nyumba zenyewe. Ayalandi ilipopata serikali yake mwaka 1922, viongozi wake na Kanisa Katoliki walikuwa na msimamo mmoja kuhusu mwanamke aliyezaa bila ndoa: atengwe na watu, atubu, na mtoto wake asionekane. Mwaka huohuo ilifunguliwa Bessborough, pembeni mwa mji wa Cork, chini ya masista wa Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, ambao baadaye waliendesha pia Sean Ross Abbey huko Roscrea na nyumba ya Castlepollard. Nyumba ya Tuam, katika kaunti ya Galway, ilikuwa jengo la zamani la kuhifadhia mafukara. Mwenye jengo alikuwa halmashauri ya kaunti, na waendeshaji walikuwa masista wa Bon Secours, kuanzia 1925 hadi 1961. Dublin kulikuwa na Pelletstown, ambayo baadaye ilijulikana kama St Patrick's, na hiyo ilipokea watu wengi mno.

Binti alifikaje huko? Mara nyingi, mimba ilipoanza kuonekana, wazazi walikwenda kwa padri au kwa daktari, barua ikaandikwa, na binti akapelekwa mbali na kijiji chao huku majirani wakiambiwa kuwa amepata kazi mjini. Akifika alipewa jina jingine la kutumia humo ndani na kupangiwa kazi: kufua, kupiga deki, kulima bustani, kulea watoto wa wenzake. Katika makaratasi ya serikali ya enzi hizo, aliyezaa mara moja aliitwa mkosaji wa mara ya kwanza, kana kwamba ametoka kizimbani, na aliyerudia alihesabiwa kuwa hana matumaini ya kurekebika. Wengine walivuka bahari wakiwa na mimba na kukimbilia Liverpool au London. Wingi wao uliwafanya watumishi wa ustawi wa jamii wa Uingereza wawatungie kifupisho, PFI, yaani mjamzito kutoka Ayalandi, na baadhi yao walirudishwa kwenye nyumba zilezile walizozikimbia.

Tume ya Uchunguzi iliyoundwa mwaka 2015 chini ya Jaji Yvonne Murphy ilichunguza nyumba 14 za aina hiyo pamoja na nyumba 4 za kaunti (makao ya mafukara yaliyokuwa chini ya halmashauri), katika kipindi cha kuanzia 1922 hadi 1998. Kwa hesabu ya ripoti yake iliyotolewa tarehe 12 Januari 2021, humo walipita akina mama wapatao 56,000 na watoto wapatao 57,000, na watoto wapatao 9,000 walifariki, ambao ni karibu asilimia 15. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Micheál Martin aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa.

Sasa nije Tuam. Aliyeifukua habari hii ni Catherine Corless, mkazi wa maeneo hayo aliyekuwa akiandika historia ya mji wao kwa mapenzi yake tu, bila cheo wala ajira. Alisoma shule moja na watoto wa ile Nyumba, ambao waliletwa wakiwa wamechelewa na kuondolewa mapema ili wasichanganyike na wenzao. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyomwiga msichana mwingine, akakunja karatasi tupu ya peremende na kumpa mtoto mmoja wa Nyumba, naye akaikamata kwa hamu akidhani amepewa kitu.

Miaka mingi baadaye alikwenda kwa msajili wa vifo akaomba majina ya watoto waliofia katika Nyumba ya Tuam, akitarajia kupata wachache. Mtumishi wa ofisi alimpigia simu kumuuliza kama kweli anawataka wote. Walikuwa 796. Alinunua vyeti vyao kwa fedha zake: wachanga wa siku chache, watoto wa miezi, wengine wa miaka kadhaa, waliokufa kwa surua, kifaduro, nimonia, kifua kikuu. Kisha akayachukua majina yale na kuyatafuta katika daftari za makaburi ya karibu, na karibu yote hayakuonekana. Akatandika ramani za kale na mpya za uwanja wa Nyumba ile, akaona kuwa mahali palipoandikwa tangi la maji taka kwenye ramani ya karne ya 19 ndipo mkono wa mtu ulipoongeza baadaye maneno yenye maana ya eneo la maziko. Na hapohapo, mwaka 1975, wavulana wawili waliokuwa wakicheza walikuwa wamefunua bamba la zege wakaona mifupa.

Makala yake ya mwaka 2012 ilisomwa na watu wachache. Dunia ilisikia mwaka 2014, na mwezi Machi 2017 Tume ikathibitisha kuwa chini ya ardhi kulikuwa na muundo wenye vyumba 20, na katika vingi vya vyumba hivyo kulikuwa na masalia ya watoto wa umri wa kuanzia wiki 35 tumboni hadi miaka miwili au mitatu. Ufukuaji kamili ulianza Julai 2025, baada ya Bunge kutunga sheria maalumu mwaka 2022.

Nitaendelea na suala la kuasili. Karibuni kwa maswali.

Msafiri wa Kusini ameandika:

Ahsante kwa uzi, mkuu. Hata hivyo naona tunawahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo. Katika miaka ya 1930 hapakuwa na antibiotiki, na watoto walikufa kila mahali, Ulaya na hata kwetu. Je, lawama hii haijazidi kipimo?

Mleta uzi amejibu:

Mkuu, swali lako ni la haki, na lingekuwa na nguvu zaidi kama tungelinganisha Ayalandi ya wakati ule na hospitali za leo. Tulinganishe Ayalandi na Ayalandi, mwaka kwa mwaka. Mkaguzi wa serikali, Bi. Alice Litster, aliandika mwaka 1939 kwamba mtoto wa nje ya ndoa aliyezaliwa katika mitaa ya makabwela na kupewa mlezi wa mitaa hiyohiyo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko aliyezaliwa katika hizi nyumba maalumu, isipokuwa ile ya Castlepollard. Huyo ni mtumishi wa wizara akiwaandikia wakubwa wake, na karatasi yake ilifika mezani. Tume nayo ilikiri kuwa, kabla ya 1960, nyumba hizi hazikuokoa maisha ya watoto hao. Zilionekana kupunguza uwezekano wao wa kubaki hai.

Ukitaka mfano mmoja, tazama Bessborough. Kati ya watoto waliozaliwa au kupokelewa humo mwaka 1943, asilimia 75 walikufa. Mganga mkuu wa serikali, Dk. James Deeny, alifika kukagua, akaona vyumba vinang'aa na kila kitu kipo mahali pake, na angeweza kuondoka akiwa ameridhika. Kwa namna anavyosimulia mwenyewe, aliamua kuwavua watoto nguo, ndipo akaona ngozi zilizooza kwa usaha na kuhara kwa rangi ya kijani kulikofunikwa vizuri kwa nepi safi. Aliwaondoa sista msimamizi na daktari wa nyumba, akaifunga kwa muda, na vifo vikashuka. Hakukuhitajika dawa mpya kwa hilo. Watoto 923 wanaohusishwa na Bessborough walifariki, na Tume iliweza kutambua mahali walipozikwa 64 tu.

Kuhusu lawama kuwa ya masista peke yao, hapo tunakubaliana kuwa isiwe hivyo. Fedha zilitoka halmashauri, wakaguzi walitoka wizarani, na wazazi wa binti ndio waliomfikisha mlangoni.

Mama Kidoti ameandika:

Nimesoma hadi hapa na bado sijaona mwanamume hata mmoja. Wanawake 56,000 walipata mimba peke yao?

Mleta uzi amejibu:

Dada yangu, umegusa penyewe. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1930 iliyomruhusu mama kumshtaki baba wa mtoto ili alipe matunzo, lakini ilimtaka asimame mahakamani na kutoa ushahidi juu ya mambo yaleyale yaliyomfanya afichwe, kwa hiyo wengi hawakuthubutu. Baba hakupelekwa popote, hakupewa jina jingine, wala hakuitwa mkosaji. Miongoni mwa wanawake waliopokelewa walikuwemo wasichana wadogo sana na waliobakwa, wakiwemo waliobakwa na ndugu zao.

Tume iliweka sehemu kubwa ya wajibu juu ya akina baba hao na familia za mabinti, ikasema haikupata ushahidi kuwa Kanisa au serikali iliwalazimisha wanawake kuingia. Sentensi hiyo imewaumiza manusura kuliko yote yaliyomo katika ripoti, na mimi naungana nao. Mwanamke asiye na fedha, aliyefukuzwa kwao, katika nchi ambayo posho ya mama asiye na mume haikuwepo hadi mwaka 1973, hahitaji kufungwa kamba ndipo tuseme amelazimishwa.

Mleta uzi anaendelea:

Kabla ya tarehe 1 Januari 1953 Ayalandi haikuwa na sheria ya kuasili mtoto. Mtoto aliweza kupewa watu wakamlea, lakini kisheria hakuwa wao. Katika pengo hilo ndipo biashara ya hati za kusafiria iliposhika kasi. Wamarekani Wakatoliki waliotaka mtoto mweupe waliandika barua kwa masista, wizara ya mambo ya nje ikatoa hati, na mtoto akapandishwa ndege. Tume ilihesabu watoto 1,638 kutoka taasisi ilizozichunguza waliopelekwa nje ya nchi ili waasiliwe, na 1,427 kati yao walikwenda Marekani. Ukiongeza waliotoka mahali pengine, jumla inavuka 2,000.

Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, aliweka masharti yake, na wizara ikayafuata. Wanaoasili wawe Wakatoliki wenye barua ya paroko, waahidi kumsomesha mtoto katika shule za Kikatoliki, na walete cheti cha daktari kinachothibitisha kuwa hawazuii uzazi kwa makusudi. Orodha nzima ilihusu imani. Kwa pembeni, niwakumbushe wenzangu wa Bagamoyo kuwa McQuaid alikuwa mtawa wa Shirika la Roho Mtakatifu, hilohilo ambalo mapadri wake walifungua misheni pale mwaka 1868.

Mwaka 1951 mwigizaji wa Hollywood, Jane Russell, alimchukua London mtoto wa kiume wa wazazi wa Kiayalandi, magazeti yakapiga kelele, na serikali ikaona haya. Sheria ya Kuasili ya 1952 ikapiga marufuku kumtoa nje ya nchi mtoto wa chini ya miaka saba. Lakini someni kifungu cha 40 kwa makini: kilimwacha nje mtoto wa nje ya ndoa aliyetimiza mwaka mmoja, ambaye aliweza kupelekwa ng'ambo kwa ridhaa ya mama yake. Yaani sheria iliyotungwa kuzuia usafirishaji wa watoto ilimwachia mlango wazi mtoto wa nje ya ndoa mara tu alipotimiza mwaka mmoja. Ndiyo maana akina mama wengi waliishi na watoto wao mwaka, miwili, hata mitatu, wakiwanyonyesha na kuwafundisha kutembea, ndipo gari likaja.

Philomena Lee aliingia Sean Ross Abbey akiwa na mimba na kumzaa Anthony mwezi Julai 1952. Mwezi Juni 1955, akiwa na umri wa miaka 22, aliwekewa mbele yake hati ya kiapo inayosema kuwa anaachia haki zote juu ya mtoto na kwamba hatajaribu kamwe kumwona, kumwingilia wala kumdai. Alisaini. Kabla mwaka haujaisha, mtoto alipelekwa Marekani na kuitwa Michael Hess, akakua, akawa mwanasheria mkuu wa kamati ya taifa ya chama cha Republican. Alirudi Roscrea kumtafuta mama yake, naye mama alikwenda palepale kumtafuta mwanawe, na hakuna aliyeambiwa habari za mwenzake. Michael alifariki mwaka 1995 na kuzikwa, kwa ombi lake, katika uwanja wa Sean Ross, na ni kaburi hilo ndilo mama yake alilokuja kulipata.

Kiapo kile kilikuwa halali, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Sehemu ya pili ya biashara hii haikuwa na uhalali wowote. Humo hapakuwa na hakimu, wala bodi ya kuasili, wala ridhaa. Binti alijifungulia katika nyumba binafsi ya mkunga, au mtoto alipitia shirika la kupanga walezi, kisha wanandoa wasio na mtoto walikabidhiwa kichanga, nacho kikaandikishwa kwa msajili kana kwamba mke ndiye aliyekizaa. Wapo wanawake waliovaa mto tumboni kwa miezi ili majirani wasishuku. Mwaka 1965 mkunga Mary Keating, mwenye nyumba ya uzazi ya St Rita's huko Dublin, alitiwa hatiani kwa uandikishaji wa uongo, na bado aliendelea na kazi. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kuwa katika mafaili ya shirika la kupanga walezi la St Patrick's Guild kumekutwa watu 126, wa miaka ya 1946 hadi 1969, walioandikishwa hivyo. Kwenye mafaili yao palikuwa na maneno kuwa wameasiliwa tangu kuzaliwa. Iliaminika kuwa 79 kati yao hawakuwa na habari kabisa. Fikiria mtu wa miaka sitini, ameshazika wazazi wawili, anagongewa mlango na mtumishi wa ustawi wa jamii.

Bandari ya Zamani ameandika:

Je, walikuwemo watoto wenye asili ya Afrika? Nauliza kwa sababu wanafunzi wetu wa udaktari na sheria walikuwa Dublin tangu miaka ya 1950.

Mleta uzi amejibu:

Walikuwemo. Ripoti ina sehemu inayowahusu watoto wa mchanganyiko, ambao baba zao wengi walikuwa wanafunzi kutoka Afrika Magharibi na kwingineko. Manusura waliounda kikundi cha Mixed Race Irish wanaeleza kuwa waliwekwa kando kwenye suala la kuasiliwa, wakabaki katika taasisi, kisha wakahamishiwa kwenye zile zilizoitwa shule za viwanda, yaani taasisi za bweni za watoto maskini na wasio na walezi, ambako mateso yaliendelea. Kwa hiyo mtoto mweupe alisafirishwa kwa sababu alitakiwa, na mwenzake aliyelala kitanda cha pili alibaki kwa sababu hakuna aliyemtaka.

Msafiri wa Kusini ameandika:

Nakubali maelezo ya Bessborough. Swali langu la mwisho: waliobaki hai wamepata nini?

Mleta uzi amejibu:

Wamepata kidogo, kwa kuchelewa na kwa masharti. Manusura takriban 550 walitoa ushuhuda mbele ya kamati ya siri ya Tume, kisha wakasikia kuwa sauti zilizorekodiwa zimefutwa. Mwanzoni mwa 2021, baada ya malalamiko mengi, zikarejeshwa kutoka kwenye nakala za akiba. Desemba mwaka huo serikali ilikiri Mahakama Kuu kwamba baadhi ya manusura, akiwemo Philomena Lee, walinyimwa nafasi ya kusoma rasimu ya sehemu zilizowahusu kabla hazijachapishwa.

Mpango wa fidia ulifunguliwa Machi 2024. Ulikadiriwa kuwafikia watu 34,000, lakini aliyekaa katika nyumba hizo utotoni kwa chini ya siku 180 hapati chochote. Kigezo hicho kinawaacha nje wengi walioasiliwa haraka, kana kwamba mtoto aliyetenganishwa na mama yake akiwa na miezi mitatu aliumia kidogo kuliko wa miezi saba. Watu wapatao 24,000 wameachwa hivyo. Kwa upande wa mashirika ya watawa, serikali iliteua mpatanishi wa kuzungumza nayo, na ahadi kubwa zaidi ya fedha iliyopatikana ni ya masista wa Bon Secours, yuro milioni 12.97, kwa mpango unaokadiriwa kugharimu yuro milioni 800.

Jambo ambalo wengi wanalithamini kuliko fedha ni Sheria ya Taarifa za Kuzaliwa na Utafutaji ya 2022. Tangu Oktoba mwaka huo, aliyeasiliwa ana haki ya kupewa cheti chake halisi cha kuzaliwa pamoja na yaliyomo kwenye faili lake, haki ambayo Ayalandi iliwanyima watu hao kwa miaka 70. Tatizo limebaki kwa wale walioandikishwa kwa uongo. Mtu wa namna hiyo akiomba cheti halisi, atapewa kilekile alichonacho nyumbani, chenye jina la mwanamke ambaye hakumzaa na mara nyingine tarehe ya kuzaliwa iliyosogezwa. Kwake yeye njia iliyobaki ni kipimo cha vinasaba, kisha kusubiri hadi binamu fulani wa Boston au Manchester, aliyepima kwa udadisi wake tu, aonekane kwenye orodha ya walio na damu moja naye, na kuanzia kwa huyo kupanda ukoo jina kwa jina hadi kumpata msichana aliyeondoka kijijini mwaka ule kwa kile majirani walichoambiwa kuwa ni kazi ya mjini. Kwa wenye ndugu walioko Ayalandi wanaotaka kuanza utafutaji, waombaji hupokelewa na Mamlaka ya Kuasili ya nchi hiyo na wakala wa watoto na familia, Tusla, na sheria inawaruhusu kuomba hata wakiwa nje ya nchi.